Kazi ya Watu Wanane, Majina Saba



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wanafunzi, wazazi wetu na walimu wetu, kamati ya jarida imetuomba tuandike machache kuhusu masomo ya chuo kikuu, hasa kazi za kundi na maandalizi ya mitihani. Sisi ni watatu. Tuliingia madrasa hii tukiwa bado tunashikwa mkono na dada zetu njiani, tukakhitimu pamoja, na Allah akajaalia tukapangiwa chuo kimoja hapa Dar es Salaam, fani moja, mwaka mmoja. Tulianza mwishoni mwa mwaka 2022 na tukamaliza mwaka 2025. Kamati ilitaka tutoe nasaha. Tulipokaa kuandika tukaona nasaha tulizonazo ni chache, ila lipo kosa moja tulilolifanya katika muhula wetu wa kwanza ambalo lilitufunza kuliko mihadhara mingi. Basi tumekubaliana tulieleze hilo kwanza, na habari za mitihani zifuate.

Kwa wale ambao hawajafika huko, chuo kikuu hakuna kengele wala kiranja. Hakuna wa kukuuliza kwa nini hukuingia darasani. Katika chuo chetu kila somo lilikuwa na alama 100: alama 40 zilitokana na kazi za muhula, yaani majaribio, insha na kazi za kundi, na alama 60 zilitokana na mtihani wa mwisho. Asiyefaulu hurudia mtihani, nao wanachuo huuita sapu, na mambo yakizidi kuharibika mtu huambiwa amepata disko, maana yake ameondolewa chuoni. Mtaani neno hili ni la muziki. Kule hakuna anayelicheza.

Basi katika muhula huo mhadhiri mmoja alitugawa katika makundi ya watu wanane wanane. Sisi watatu tulimwomba tuwe pamoja, akakubali bila kuuliza sababu. Wengine watano walikuwa kaka wawili kutoka Moshi, kaka mmoja wa Tabora, dada mmoja kutoka Pemba, na dada mmoja kutoka Rungwe, mkoa wa Mbeya, ambaye alikuwa Mkristo na mpole sana wa kusema. Kazi yenyewe ilikuwa kufuatilia zao moja kutoka shambani hadi sokoni na kueleza kila mtu katika mnyororo huo anapata nini. Tukachagua ndizi, kwa kuwa soko la ndizi la Mabibo halikuwa mbali na tulikopanga, na malori ya kutoka Rungwe na Kilimanjaro hushusha mikungu pale. Kazi nzima ilikuwa na alama 10.

Tukafungua kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Tukagawana: huyu bei za shambani, huyu usafiri, huyu bei za sokoni, huyu utangulizi. Kila mmoja akaandika maneno mazuri. "Pamoja sana." "Tupo nyuma yenu." Kwa hakika walikuwa nyuma yetu, tena mbali sana. Baada ya wiki mbili kilichokuwa kimeandikwa ni utangulizi na kurasa tatu za usafiri. Baadaye tulisoma habari za mhandisi mmoja wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliyewapa watu kamba wavute, mmoja mmoja kisha kwa makundi, akapima nguvu zao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Aliona kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo zaidi, hata watu wanane kwa pamoja wakavuta karibu nusu tu ya nguvu ambayo ingepatikana kama kila mmoja angevuta kama alivyovuta peke yake. Nasi tulikuwa wanane. Laiti tungeyasoma mapema tungejijua.

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, wanne kati yetu tulikuwa katika chumba kimoja tukimalizia kuandika. Tulikuwa tumechoka na tumekasirika. Mmoja akasema, asiyefanya kazi asiandikwe. Tukaona ni haki. Tukaanza kupitia majina. Kaka mmoja wa Moshi alileta ukurasa mmoja, akaachwa. Dada wa Pemba alileta takwimu, akaachwa. Dada wa Rungwe hakuwa ameandika hata neno moja katika kundi la WhatsApp tangu siku ya pili. Tukalifuta jina lake, na tukajiona waadilifu.

Lakini kulikuwa na mwingine ambaye hakuleta hata mstari mmoja, naye ni mmoja wetu sisi watatu. Wiki zile mbili alishinda dukani kwa ami yake Manzese akitafuta pesa za kula, maana fedha za mkopo zilikuwa bado hazijaingia. Sababu ilikuwepo, lakini kazi hakufanya. Jina lake hatukulijadili. Lilikuwa la tatu katika orodha, likabaki la tatu. Tunaandika haya akiwa amekaa hapa pamoja nasi, na ndiye aliyesisitiza aya hii isitolewe.

Siku ya kuwasilisha, yule dada alikuja mapema, amevaa vizuri, ameshika kaunta buku. Msomaji wetu akasoma majina. Saba. Dada akatazama mbele, kisha akatazama chini, akaenda kukaa safu ya nyuma. Hakusema kitu. Tulipomaliza na watu wakatupigia makofi, alitufuata mlangoni akatupa lile kaunta buku, akasema, "Labda litawasaidia kwenye mtihani," akaondoka.

Tulilifungua chini ya mwembe. Zilikuwa kurasa kumi na nne. Alikwenda Mabibo asubuhi tatu, kabla ya jua kuchomoza, malori yakishusha. Aliongea na wenye malori kwa lugha ya kwao, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu angeliweza. Aliandika bei ya mkungu mkubwa, wa kati na mdogo, wabebaji wanalipwa nini, na mikungu mingapi ilivunjika njiani na hasara hiyo inamwangukia nani. Sisi katika ripoti yetu tuliandika kwa ufasaha mkubwa kwamba mkungu hupimwa kwa macho bila mizani, na kwamba hiyo ni dhuluma kwa mkulima kama ilivyo lumbesa kwenye viazi. Tuliandika hivyo kwa kukisia. Yeye alikuwa na ushahidi.

Na kuhusu WhatsApp, simu yake ilikuwa imevunjika kioo tangu wiki ya kwanza na hakuwa na pesa za kuitengeneza. Alimwagiza mwenzake wa chumba atuambie. Huyo mwenzake alituambia. Mmoja wetu alipewa ujumbe huo karibu na maktaba, akaitikia vizuri, akasahau.

Sura ya Mutaffifin tuliihifadhi katika juzuu amma tukiwa na miaka tisa au kumi. Wengi wenu mnaoisoma makala haya mnaihifadhi sasa hivi. Ndani yake wameonywa wale ambao wakijipimia wao hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tulikuwa tukidhani inawahusu watu wa sokoni tu. Pale chini ya mwembe hakuna aliyeitaja, lakini baadaye tuliulizana na kila mmoja akakiri kwamba ndiyo iliyomjia.

Sasa tungependa kuwaambia kwamba tulikwenda kwa mhadhiri siku hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Ilituchukua siku tatu. Mmoja wetu alisema mambo yamekwisha, tukienda tutaharibu alama za watu saba kwa ajili ya mmoja. Mwingine akasema tumpe dada msaada wa aina nyingine, tumtengenezee simu, iwe kama fidia. Wazo hili lilitupendeza sana, na ndiyo maana tunaliandika hapa: lilikuwa rahisi, lilionekana la kiungwana, na lingetuacha na alama zetu. Wa tatu, yule wa dukani, ndiye aliyenyamaza siku zote tatu, kwa kuwa akizungumzwa dada na yeye atazungumzwa.

Usiku wa tatu tulimpigia simu maalim wetu. Tulimweleza kirefu, na tunakiri kwamba tulieleza kwa namna ya kutaka atupunguzie. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Jina la mwenzenu mliliacha kwa kuwa alifanya kazi, au kwa kuwa ni mwenzenu?" Tukakosa la kusema. Akatuaga, akakata simu.

Asubuhi tulikwenda ofisini kwa mhadhiri tukiwa na kaunta buku. Kabla ya hapo tuliwaeleza wenzetu wengine wa kundi, na kaka wa Tabora alitukasirikia, tena kwa haki, maana yeye alifanya sehemu yake na hakuwepo usiku ule. Tukamwomba mhadhiri asimguse yeye. Mhadhiri alifungua daftari, akasoma kurasa mbili tatu, akauliza nani alifuta jina na nani hakufanya kazi. Tukajibu. Kundi lilikuwa limepata 7 kati ya 10. Akamwandikia dada 8. Waliofuta jina akawapunguzia hadi 4. Wa dukani akamwandikia 0. Waliobaki hawakuguswa. Hakutukemea. Alisema anashukuru tumekuja, na kwamba tufunge mlango tukitoka.

Kisha tukaenda kumtafuta dada kumwomba radhi. Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno mengi. Alitusikiliza, akasema, "Sawa, yameisha," halafu akauliza, "Na daftari langu mmekuja nalo?" Alikuwa na mtihani wa kujiandaa, kama sisi.

Tuje kwenye mitihani. Yule aliyepata 0 aliingia kwenye mtihani wa mwisho akijua kwamba hana akiba. Kwa hiyo kwetu maandalizi yale hayakuwa jambo la kuchukulia kimzaha.

Wanachuo wana kitu wanachokiita diskasheni. Watu kumi na tano au ishirini hukusanyika katika chumba cha mihadhara usiku, mmoja mwenye kipaji anasimama ubaoni anaeleza, wengine wanaandika. Sisi tuliipenda sana. Tulikuwa tukitoka saa nane za usiku tumejaa furaha, kila kitu tumekielewa. Kisha katika jaribio la pili la muhula, wawili wetu tulipata 9 kati ya 20 na wa tatu 8. Tulikaa tukajiuliza ule uelewa ulikwenda wapi. Isitoshe, usiku mmoja kati ya hizo alfajiri ilitupita, tukaamka jua limetoka. Hilo la mwisho ndilo tulilomficha mama.

Kilichotufungua macho ni jambo tulilokuwa nalo tangu utotoni. Hapa madrasa hakuna aliyewahi kuruhusiwa kusema ameihifadhi sura kwa kuwa amesikiliza mwenzake akiisoma. Unafunga msahafu, unampa mwenzako aushike, unasoma. Ukikwama yeye anasubiri. Ukishindwa anakupa neno moja, si aya nzima. Hiyo ndiyo murajaa, na asili yake ni kubwa: tumefundishwa kwamba Jibril (A.S.) alikuwa akipitia Qur'an pamoja na Mtume (S.A.W.) kila Ramadhani, na katika mwaka aliofariki walipitia mara mbili. Ikiwa aliyeteremshiwa alikuwa akirudia na mwenzake, sisi na vitini vyetu vya uchumi ni nani tusirudie?

Basi tukaiacha ile diskasheni ya watu ishirini, tukafanya yetu ya watu wachache. Tulimwomba dada wa Rungwe na kaka wa Tabora wajiunge, na tunashukuru walikubali. Dada wa Pemba akaja pia. Sharti lilikuwa moja: anayeeleza hashiki karatasi. Anayeshika karatasi ni msikilizaji. Mwanzo ilikuwa aibu tupu. Unasimama kueleza jambo uliloliona jepesi jana usiku, sentensi ya pili inakataa kutoka. Lakini aibu ile ilitokea mbele ya watu watano, chini ya mti, wiki tatu kabla ya mtihani, na hapo bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Roediger na Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha St. Louis, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Baadhi wakaisoma tena, wengine wakafunga na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, walioandika kwa kukumbuka walibakiwa na kama asilimia 56 ya habari ile, na waliosoma tena asilimia 42. Hizo dakika tano ndizo zilizokuwa zikituhadaa saa nane za usiku.

Kuna mambo madogo madogo ya kundi kama hilo ambayo wazazi huwa wanayauliza, hasa wenye mabinti. Tulikutana mchana, mahali pa wazi, karibu na maktaba, ambapo kila anayepita anaona. Akina dada walikaa upande wao. Kukaa faragha usiku kwa kisingizio cha kusoma hatukukuruhusu, na kwa kweli usiku hausomeshi kama watu wanavyodhani. Tulilala baada ya Isha na kuamka kabla ya Alfajiri, tukasoma saa ile ambayo simu zimetulia. Swala ilipofika tulisimama. Mwanzo tulikuwa na wasiwasi kwamba wenzetu Wakristo wataona tunawapotezea muda. Kabla ya muhula kwisha, dada wa Rungwe ndiye aliyekuwa akituambia, "Jamani, saa kumi hii, nendeni mkaswali mrudi." Nasi Jumapili asubuhi hatukupanga kikao.

Karatasi za mitihani iliyopita tulizitumia, hilo tusiwafiche. Zinasaidia kujua maswali yanaulizwaje. Lakini tumewaona wenzetu waliohifadhi majibu ya karatasi hizo neno kwa neno, na mtihani ukaja na swali lile lile limegeuzwa kidogo tu, wakajibu swali la mwaka jana. Kuhusu kuingia na vikaratasi, hatuna la kuongeza juu ya mnayofundishwa hapa. Tutataja tu kwamba tulimwona kijana mmoja akitolewa ukumbini na wasimamizi, na tukamwona baba yake wiki iliyofuata ameketi kwenye benchi nje ya jengo la utawala, kofia mapajani, anasubiri kuitwa.

Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoandika insha nzima ukiziuliza. Katika mwaka wetu wa mwisho kundi moja liligawana kazi kwa namna hiyo: kila mmoja aliiuliza programu sehemu yake, wakaunganisha. Walipoulizwa maswali siku ya kuwasilisha, mmoja wao ilibidi asome slaidi yake mwenyewe kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. Ndivyo ilivyokuwa.

Matokeo yalitoka. Yule aliyepata 0 katika kazi ya kundi alifaulu somo lile kwa alama 2 juu ya kiwango. Alhamdulillah hakupata sapu. Dada wa Rungwe alipata A, ya pekee katika kundi letu. Katika Ramadhani ya mwaka 2023, iliyoingia mwishoni mwa Machi, tulihamishia vikao vyetu saa mbili baada ya Alfajiri, na yeye na kaka wa Tabora waliibadili ratiba yao bila kuombwa mara mbili. Katika kazi za kundi zote zilizofuata, hadi tulipomaliza, tuliweka karatasi ya ziada nyuma ya ripoti inayoonyesha nani alifanya nini, na kila mmoja alitia saini yake mwenyewe, kwa mkono wake, akiwepo. Jina la mtu asiyekuwepo halikufutwa wala kuongezwa kabla hajatafutwa hadi chumbani kwake.

Kwa wadogo zetu wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne mwaka huu: maalim ameturuhusu chumba cha nyuma cha madrasa siku za Jumamosi na Jumapili baada ya Asri, wavulana Jumamosi na wasichana Jumapili. Mmoja wetu atakuwepo Jumamosi, na dada wa Pemba, ambaye sasa ni mwalimu hapa mjini, ameahidi kuja Jumapili. Kuna ubao mmoja na mabenchi sita. Mje na vitabu vyenu, ingawa mkisimama kueleza atavishika mwingine. Chaki mje nazo.

Wabillahi tawfiq.